Kipande Kisichojua Baridi

Babu alikuja maabara na tai shingoni. Mwalimu mkuu mstaafu, alisema, haendi kutazama kazi ya mjukuu wake shingo wazi.

"Babu, leo hakuna paredi," mjukuu akamtania.

"Kuna mkaguzi," akajibu, akaketi wima kwenye stuli.

Mkaguzi huyo, yaani msimamizi wa utafiti wa binti huyo, mjukuu wake, alisimama kando ya sumaku kubwa, mikono nyuma. Alikwisha kutoa kauli: kipande hiki chenye boroni kikishindwa kama vilivyotangulia, boroni itawekwa kando na binti atajiunga na kazi ya wenzake.

Kazi yenyewe ilikuwa mchanganyiko wa manganizi, chuma, fosforasi na silikoni. Ukiuingiza kwenye sumaku hupata joto, ukiutoa hupoa. Kwa njia hiyo friji yaweza kupoza bila gesi. Kasoro yake ni ukaidi. Ukipashwa moto, hugeuka hali yake ya usumaku kwa nyuzi fulani za joto. Ukipozwa, hugoma kurudi mpaka baridi izidi mno. Basi binti alipunguza fosforasi, akatia boroni kidogo mahali pake ili kuvunja ukaidi huo. Babu aliyajua haya barabara, kwa kuwa yalisimuliwa mezani hadi Bibi akatishia kuhama nyumba.

Kipande, chembamba kama biskuti, kikaingia kwenye sumaku, kikatoka. Namba za kipimajoto zikatikisika kidogo, zikatulia.

"Rudia," msimamizi akasema.

Binti akarudia. Hali ikawa ile ile. Babu akahisi tai inamkaba. Mtaa mzima alikuwa ameutambia.

"Mjukuu wangu," akauliza kwa sauti ya darasani, "kipande hiki kimetoka wapi?"

"Kwenye tanuri, Babu, sasa hivi. Nilisikia umeshafika langoni, nikakimbilia ku..." Akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Jamani! Sijakizamisha!"

"Kukizamisha?"

"Kikitoka tanurini hakijui baridi, Babu. Mara ya kwanza hukawia kugeuka, mpaka kipozwe vikali. Kikishapozwa mara moja tu, kinashika adabu."

Msimamizi akaangua kicheko. "Hata mimi sikuuliza! Tai ya mzee imetutia kiwewe sote."

Wakakitumbukiza kwenye naitrojeni kimiminika, yenye baridi kali, mvuke mweupe ukatambaa mezani. Wakakiacha kirudie joto la chumba, kisha kikaingia tena kwenye sumaku na kutoka. Safari hii namba zikaporomoka. Msimamizi akakipasha moto na kukipoza polepole, macho kwenye skrini: palipokuwa na pengo kubwa kati ya nyuzi za kugeuka na za kurudi, sasa palibaki upenyo.

"Boroni inabaki," akasema. "Na wewe unabaki nayo."

Binti akakitoa kipande kwenye sumaku mara nyingine, akakiweka kwenye kiganja cha Babu. Kilikuwa baridi kweli. Mzee akakifumba mkononi, akalegeza tai.

"Leo mezani," akasema, "nitasimulia mimi. Bibi yako akitaka kuhama, ahame."