Mstari Uliopita Kituo cha Tano

Mtu mzima mwenye akili zake anafunga baiskeli nyuma ya gari, anaendesha gari mwendo wa saa nzima, anaiteremsha, analizunguka bwawa kilomita kumi na tisa, anarudi pale pale alipoanza, kisha anaifunga tena nyuma ya gari. Halafu anataka apongezwe. Mimi nimelizunguka bwawa hilo hilo kwa miguu miaka ishirini na miwili, na chupa kumi na mbili begani, na sijawahi kupigiwa makofi hata na ngedere.

Kazi yangu ni kuchota sampuli za maji. Mji mzima unakunywa kutoka bwawa hili, wakiwemo wanaolitemea mate. Kila Jumanne na Ijumaa naingia kwa geti la chini, nafuata barabara ya changarawe inayopita msituni, nasimama kwenye vituo sita, nachota, naandika saa na joto la maji, napanga chupa kwenye kasha la barafu na kuzifikisha maabara kabla ya saa nane mchana. Walinzi wananiita Bi Chupa. Nimezoea.

Kituo cha tano hakiko barabarani. Unaiacha changarawe penye msonobari ulioanguka, unashika kijia nilichokifyeka kwa mkono wangu, unateremka mpaka kwenye kijito kinachoingia bwawani. Juu ya kijito hicho hakuna shamba, hakuna nyumba, hakuna mtu. Maji yake ndiyo tunayolinganishia mengine yote; kituo kingine kikichafuka, tunakitazama cha tano ndipo tujue uchafu umeanzia wapi. Kwa miaka yote hiyo hakijawahi kuonyesha kijidudu hata kimoja cha kinyesi. Wenzangu wanajivunia watoto wao. Mimi najivunia kijito, na sioni haya kusema.

Basi mwaka huu wakubwa wetu wakaifungua barabara kwa waendesha baiskeli, kwa majaribio ya miezi sita. Ruhusa ni ya changarawe tu, wakasema. Atakayeiacha barabara amevunja sheria. Miezi sita ikiisha, kikao kitaamua. Mimi sikuhitaji miezi sita. Wiki ya kwanza tu niliwaona wameegemeza baiskeli zao kwenye kibao cha onyo ili wazipige picha. Baiskeli, si wao wenyewe. Kilima ninachokipanda na mzigo wangu bila kusema neno wamekipa jina: Mlima wa Machozi. Machozi! Na wanajilambisha utamutamu wa kwenye vipakiti kama watoto wachanga, halafu vifuniko wanaviacha kwenye nyasi, mimi niviokote.

Mwenyekiti wao, kwa bahati yangu mbaya, ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Ni mtu wa bima. Siku ya kwanza kumwona ndani ya ile kaptula ya kubana nilimsimamisha kando ya barabara.

"Shemeji, mke wako anajua umetoka nyumbani hujavaa?"

"Hii ndiyo sare ya mchezo, shemeji."

"Mchezo wa nani? Wa vyura?"

Akacheka. Hana kinyongo, na hilo nalo lilikuwa likiniudhi. Mdogo wangu alikuwa akimtetea: tangu aanze baiskeli ameacha sigara, amekuwa mtu wa kukaa na watu. Nikamwambia ameacha moshi, sasa anakula vumbi.

Jumapili moja tulikuwa kwao kwa chakula cha mchana. Daktari alikuwa ameniambia presha imepanda, na mdogo wangu, ambaye siri haikai tumboni mwake, alikuwa ameshamweleza mumewe. Shemeji akaniletea saa ya mkononi, nyeusi, nene.

"Vaa ukiwa kazini. Itapima mapigo ya moyo wako na mwendo wako. Kilomita zako zitaingia zenyewe kwenye jedwali la chama."

"Jedwali gani?"

Akanionyesha kwenye simu. Majina arobaini na ushee, na mbele ya kila jina kilomita za wiki ile. Mkiani kabisa alikuwapo daktari wa meno, mwenye baiskeli nyepesi kama mwavuli: kilomita nane.

"Huyu ana magurudumu mangapi?" nikauliza.

"Wewe ungewapita nusu yao, shemeji, na miguu yako."

Hapo ndipo aliponipata. Sikuivaa saa ile kwa ajili ya moyo, niseme ukweli. Niliivaa niwaaibishe. Nikamwambia asiandike jina langu, aandike Asiyechoka. Nilitaka wadhani ni mwenzao. Wapitwe, waumie roho, kisha siku moja niwaambie aliyewapita ni bibi wa viatu vya mpira.

Na niliwapita. Wiki ya pili nilikuwa wa kumi na tatu. Wiki ya tano, wa tisa. Daktari wa meno alibaki mkiani na baiskeli yake ya mwavuli. Kila nikitoka kazini nilitazama jedwali kabla hata ya kuvua viatu, na nikilala nilikuwa nikitabasamu. Saa ilikuwa ikifanya mengine zaidi ya kuhesabu, lakini sikuuliza. Ningeulizaje watu niliokuwa nawadharau?

Mwezi wa nne niliona alama za matairi penye msonobari ulioanguka. Zilikuwa zimeingia kwenye kijia changu. Nilizifuata nikiwa nimebana meno. Pale kijitoni tope lilikuwa limevurugwa kama zizi, kipakiti kimekwama kwenye jiwe, na nyuma ya jiwe karatasi za chooni, nyeupe, hazikufukiwa hata kwa udongo kidogo. Nikachota sampuli yangu kama kawaida. Maabara walirudia kipimo mara mbili kwa sababu hawakuamini. Kituo cha tano kilikuwa na vijidudu vya kinyesi.

Nililia chooni kwa hasira. Kisha nikanawa uso nikaomba kikao kiitishwe mapema.

Tulikutana kwenye ukumbi mdogo wa mamlaka ya maji, ule wenye viti vinavyolia. Mhandisi Mkuu alikaa kichwani mwa meza na daftari lake. Upande wa pili chama: shemeji, daktari wa meno na mwanamke mmoja mfupi. Shemeji alikuwa ametoka moja kwa moja msituni, yumo ndani ya kaptula yake, kwenye kikao cha watu wazima. Nikaisukuma karatasi ya maabara katikati ya meza.

"Kile kijia hakimo kwenye ramani yoyote," nikasema. "Si ya mamlaka, si ya misitu. Nakijua mimi. Kwa hiyo yupo mtu amekifuata, akakichora, akawaonyesha wenzake. Nyinyi mnapita mnakoelekezwa kama kondoo, sawa. Mimi namtaka huyo aliyechora."

"Unapendekeza nini, Bi Chupa?" Mhandisi akauliza.

"Asikanyage tena msitu huu maisha yake yote. Si mwezi, si mwaka. Asisikilizwe udhuru. Mtu anayechafua maji ya mji mzima kwa sababu ya kujionyesha hana la kujitetea."

Mhandisi akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Kalamu yake ilikwenda kasi.

"Shemeji," mume wa mdogo wangu akasema kwa sauti ya chini, "haya tungeyaongea nyumbani."

"Nyumbani kuna nini? Maji yamechafukia nyumbani? Sema hapa hapa."

Akatazama mikono yake. Daktari wa meno, masikini, alidhani anasaidia. Alisema njia ile ipo kwenye programu wanayotumia, waliiona tu inatokea, na kwa kuwa inapitiwa kila wiki walidhani ni halali. Akaiunganisha simu yake na skrini ya ukutani.

Bwawa likatokea, bluu, na kulizunguka mstari mwekundu. Mstari ulikwenda na changarawe mpaka kwenye msonobari, ukaingia msituni, ukateremka kijitoni, ukarudi. Kando yake kulikuwa na nukta sita, mahali mwenye mstari aliposimama. Kwenye kila nukta alisimama dakika kumi. Jumanne. Ijumaa. Jumanne. Ijumaa.

"Ni ya huyu Asiyechoka," daktari wa meno akasema. "Tunamheshimu sana. Hatumjui, lakini ana nguvu ajabu."

Moyo wangu ulianza kwenda mbio, na saa ile mbaya ikatetemeka mkononi kunijulisha kwamba unakwenda.

"Nani huyo?" Mhandisi akauliza.

Kiti kikalia. Shemeji alikuwa amesimama.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe?" Daktari wa meno akashangaa. "Si umo kwenye jedwali kwa jina lako?"

"Ninayo mawili." Hakunitazama hata kidogo. "Nilikosea. Adhabu naikubali."

Mhandisi akaandika jina lake chini ya maneno yangu. Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru. Si kwa muda mrefu, ni pumzi moja tu, lakini nilishukuru, na katika pumzi hiyo niliiona changarawe, kilima na kijito changu, vyote bado vyangu. Kisha nikamwona yeye: mtu mzima ndani ya kaptula ya kipuuzi, magoti yana tope, anaitoa baiskeli iliyomtoa kwenye sigara ili mimi nisiaibike mbele ya watu watatu.

"Futa hilo jina," nikamwambia Mhandisi.

"Bi Chupa?"

Nilivua saa nikaiweka juu ya karatasi ya maabara. Mkanda wake ulikuwa umeniacha alama.

"Asiyechoka ni mimi. Niliivaa ili niwacheke. Sikujua inachora, na sikujua kwa sababu sikuuliza. Andika langu."

Mhandisi akaweka kalamu chini. "Wewe ni mfanyakazi wetu. Ulikuwa kazini. Hilo ni jambo tofauti, tutaliangalia taratibu."

"Tofauti gani? Ulipodhani ni mwenye baiskeli uliandika mbio. Nimesema maisha yake yote, na nimesema asisikilizwe udhuru. Andika kama nilivyosema, usipunguze neno."

Nilitoa ufunguo wa geti la chini kwenye pete ya funguo zangu, ukanisumbua kutoka kwa sababu haujawahi kutolewa, nikauweka mezani kando ya saa. Shemeji akawahi kunifungulia mlango, na kaptula yake ile ile. Nilipita mbele yake, na kwa mara ya kwanza sikuicheka.