Kompaila Isiyotumiwa na Mtu

Ofisini walimwita Mkasi, kwa sababu kila toleo jipya la mfumo wa kompyuta lilipokaribia kutoka, yeye ndiye aliyepanga programu zipi ziingie kwenye diski na zipi zikatwe. Jina alilipenda, mpaka ilipofika zamu ya kompaila.

Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi ya anayejifunza kutunga programu yakawa kitu kinachofanya kazi. Bila hiyo unaandika tu, basi. Sasa diski ilikuwa imejaa pomoni, maana bosi alitaka picha mpya za kupamba skrini, na picha hizo, jamani, zilikula nafasi bila haya.

"Kompaila itoke," bosi alisema, akionyesha grafu ukutani. "Haitumiwi. Anayeihitaji ataipakua mtandaoni."

Mkasi alimfikiria kaka yake, mwalimu wa kompyuta kwenye shule isiyo na mtandao. Mashine za darasa lake zilifungwa kwa ajili ya usalama, hazipokei kitu kisichotoka kwenye diski rasmi, na diski mpya hufuta yote ya zamani. Mkuu wa shule alishamwambia kaka mtu kwamba wanafunzi wasipoonyesha programu zao muhula huu, chumba kitageuzwa stoo.

"Hiyo grafu imetoka wapi?" Mkasi aliuliza.

"Kompyuta zenyewe zinatutumia ripoti."

"Kwa njia gani?"

"Kwa mtandao, dada. Kwa njia gani tena?"

"Na zisizo na mtandao?"

Bosi alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. "Hizo hatuna takwimu zake. Ukizipata, lete."

Pale ofisini asiye na grafu hakuwa na hoja. Mkasi aliwatazama wenzake. Mmoja aliinamia simu, mwingine chai ilimnogea ghafla. Angezitoa wapi takwimu za watu wasioweza kusikika? Akaikata kompaila kwa mikono yake mwenyewe, kwani angekataa yeye, angeikata mwingine. Akaandika na ujumbe wa kumwelekeza atakayeitafuta, mfupi, wa adabu. Kisha akashika simu ampigie kaka yake, akairudisha mezani. Angemwambia nini?

Diski ilipofika shuleni, kaka ndiye aliyepiga, katikati ya kipindi.

"Mdogo wangu, kompaila umeificha wapi? Mkuu wa shule amekaa hapa nyuma anasubiri."

Mkasi akauliza, "Skrini inasemaje, kaka?"

"Inasema, 'Samahani, programu hii haipo. Tafadhali ipakue mtandaoni.'" Kaka akacheka. "Aliyeandika ana adabu kweli. Haya, niambie nibonyeze wapi."

Mkasi aliufungua ujumbe wake uleule kwenye skrini, akausoma tena.

"Tulieni," alimsikia kaka yake akiwaambia wanafunzi. "Huyu dada yangu ndiye anayeutengeneza huu mfumo. Sasa hivi atatuelekeza."