Maiti Mtanashati wa Fiona

Mimi Milka sina uvumilivu wa watu wanaopenda maiti, na Fiona nilimwambia hivyo tangu mwanzo. Mwaka ule wa 2012 chumba chetu cha wasafishaji wa hoteli, huku Al Rayyan, Uarabuni, kila Ijumaa kiligeuka sinema. Fiona anafungua laptopu, wasichana wanajazana kitandani na chapati zao, halafu kijana fulani mweupe kama unga anainamia shingo ya binti wa watu na kunyonya. Wenzangu wanashusha pumzi kwa raha. Mimi chapati inanishinda.

Fiona ndiye aliyetueleza yalikoanzia. Eti zamani Ulaya wanakijiji walifukua makaburi, wakimkuta maiti amevimba, damu inamchuruzika mdomoni, wanasema huyu anatoka usiku kunyonya watu. Jamani, si kuoza tu huko! Baadaye watunzi wakamvalisha suti, wakamchana nywele, na leo dada zangu wanatamani awaoe. Ptuu! Nilimuuliza Fiona mdomo huo unanuka nini. Akasema sijui mapenzi.

Kwenye kitanda cha chini yangu alilala Proscovia, Mganda mpole aliyetufulia nguo kila tulipougua. Mwezi wa kumi akapasuliwa uvimbe wa kizazi, damu ikakataa kukata. Hospitali ikaomba wenzake wajitolee damu, ikaleta na gari mpaka getini kwetu. Gari lenyewe jekundu.

Basi kazi ikawa hapo. Wakenya tulikuzwa tukitishwa na kachinja, Waganda na bazimamoto, wale wawinda damu wa hadithi za utotoni, na wote tuliambiwa ukiona gari jekundu kimbia, linabeba damu za watu. Mwenzetu Roselyne akajifungia bafuni. Fiona, huyo huyo wa Ijumaa, akasimama mlangoni akiwazuia wengine, akiapa kwamba damu ya Mwafrika ina bei huku na wakishaionja hawakuachi.

“Fiona, Proscovia anakufa,” nikamwambia.

“Na mimi nikifa? Bibi yangu alimjua mtu aliyeingia gari kama hilo. Hakurudi.”

Bibi yangu pia alimjua mtu kama huyo. Nilishuka ngazi, nikaingia garini pamoja na Mnepali mlinzi wa geti, ambaye hata jina la Proscovia hakulijua. Tulipotoka tukapewa juisi. Nikainua macho, dirisha letu limejaa nyuso zinatuchungulia. Damu haikunichefua, walinichefua wao.

Mungu si Athumani, Proscovia alipona. Alirudi amekonda, mkono ukutani, siku ya Ijumaa, na hakuna aliyezima laptopu. Siku hiyo yule maiti wao alikuwa amefungwa minyororo, anakauka kwa njaa. Fiona alikuwa analia machozi ya kweli.

“Maskini,” akasema. “Jamani, si mtu ampe hata tone moja?”

Proscovia, aliyekwisha kusimuliwa yale ya mlangoni, alimtazama mpaka Fiona kamasi zikamkauka. Halafu akaniomba nimbebee godoro lake, tukahamia chumba cha pili.