Majivu ya Manjano

Waombolezaji walipokwisha kuondoka, Kiende alifungua debe la maharagwe ambayo marehemu mamake aliyachanganya na majivu ya jikoni yasiliwe na wadudu. Akayaosha ayapike. Maji yakageuka manjano.

Akaacha kuyaosha. Kila mwaka aliwafundisha wanafunzi wake wa kemia kule Kaaga kwamba kromiamu iliyopoteza elektroni tatu ni ya kijani na haina neno kubwa, lakini moto ukiifikisha sita inageuka manjano, na hiyo ni sumu, hata kwa anayevuta vumbi lake tu.

Babake, Mzee Thuranira, alikuwa amesimama mlangoni. Tangu ujana alifanya kazi katika kiwanda cha ngozi huko Ruiri, ambako ngozi hulainishwa kwa kromiamu, na alizoea kumletea mkewe gunia la mabaki ya ngozi awashie jiko.

"Niliuhurumia mgongo wake," alisema. "Sikutaka azeeke akibeba kuni." Kisha akayaona maji. "Hiyo rangi ni ya nini, mwanangu?"

Kiende aliyamwaga maji. "Ni kutu ya debe tu, Baba."

"Aa. Na kiwandani walitukataza kuchoma yale mabaki, hata wasiseme kwa nini. Roho mbaya tu!"

Kiende akaitikia kwa kichwa, akalibeba debe, akatoka kwenda kulizika.