Maungio ya Jiko la Mama Elisifa

Jiko jipya la Mama Elisifa kule Machame lilikuwa na kila kitu isipokuwa siri. Kando ya sinki, pale mawe mawili ya kaunta yalipokutana, palikuwa na mstari wa gundi ambao hata mwenye mtoto wa jicho angeuona. Na mama mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha. Kila mgeni aliyepita baada ya ibada alipelekwa jikoni, akaonyeshwa, akaulizwa kama yeye angekubali kazi ile.

Aliyeyaunga mawe ni msichana, Khyati, na aibu ilimtafuna. Gundi aliichanganyia karakanani kwao Njoro, kule chini mjini, mbele ya taa, ikaonekana nyeusi tii kama jiwe. Huku juu, jua la asubuhi lilipopiga dirishani, ikageuka kijivu. Baba yake, Mzee Jayant, ambaye alikuwa amezeeka kwa kuchonga mawe, hakumgombeza. Alisema tu kwamba mama akiikataa kazi tena, Khyati atarudi dukani kupokea wateja, na kazi za majumbani atapewa binamu yake, Aman. Khyati aliona heri ale vumbi maisha yake yote kuliko kukalia kile kiti cha dukani.

Basi akapanda Machame na msasa, gundi na mfuko wa vumbi la jiwe lile lile. Mama Elisifa aliitikia shikamoo yake, akavuta kigoda, akakaa kumsimamia. Khyati alikwangua gundi yote ya zamani, akainua kipande cha jiwe kilicholala chini kidogo, kisha akachanganya gundi na vumbi palepale dirishani. Akapaka, akatazama, akafuta, akaanza upya, mpaka mama wa watu akachoka kusimamia, akaenda kuponda mtori wake wa ndizi upande wa pili wa kaunta. Gundi ilipokauka, Khyati alisugua mpaka jiwe likamwonyesha uso wake.

Jioni Jayant akafika kuhukumu. Yeye hukagua maungio kwa kucha, macho amefumba. Macho yana upendeleo, husema, ila kucha haina mtoto.

Kucha ikaanzia ukutani, ikateleza polepole kuelekea sinki, ikakwama.

“Hapa,” akasema, macho bado yamefumbwa.

Khyati alikwishajiona kwenye kile kiti cha dukani. Lakini Mama Elisifa alisogea, akainama, akanusa, akachukua kitambaa.

“Baba Khyati, huo ni mtori wangu. Umekaukia hapo.”

Akaufuta. Jayant akafumba macho tena, safari hii kwa hasira kidogo, na kucha ikaenda mpaka ukingoni bila kugusa kitu. Akavaa miwani. Akainama kushoto, akainama kulia, kisha akalazimika kumuuliza mwenye nyumba maungio yako wapi. Mama Elisifa, aliyekwisha kuwaonyesha nusu ya usharika, alinyoosha kidole, akakirudisha, akakinyoosha kwingine.

“Mimi usiniulize,” akasema akicheka. “Muulize fundi.”

Jayant akamgeukia binti yake. Tangu amzae hakuwahi kumwita fundi.

“Haya, fundi. Yako wapi?”

Khyati alikunja msasa wake, furaha imemjaa.

“Sikuonyeshi, baba. Utakwenda kumfundisha Aman.”