Mtoto wa Saba

Watoto wote walimwita Shangazi, na mama zao wakamwita hivyo hivyo, hata wale waliomzidi umri. Kwa miaka tisa alikuwa akilea watoto wa watu nyumbani kwake. Waliletwa asubuhi na mapema wakiwa bado na tongotongo, wakachukuliwa jioni wameshiba na wameoga. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye pazia katikati, na uani palikuwa na bomba, kamba ya kuanikia nguo na kibanda cha bati cha kupatia kivuli. Kazi hiyo hakuisomea popote. Alijua tu kwamba mtoto anayelia kwa njaa na mtoto anayelia kwa sikio kuuma hawalii sauti moja.

Siku mkaguzi alipofika mara ya kwanza, watoto walikuwa kumi na mmoja.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, amebeba faili kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Hakuja kwa ukali. Alivua viatu mlangoni, akapima chumba kwa utepe, akachungulia jiko la gesi lililokuwa kwenye kona, akashika nondo za dirisha na kuzitikisa. Kisha akahesabu vichwa, na alipomaliza akahesabu tena.

"Sheria mpya inakuruhusu sita," alisema. "Mlezi mmoja, watoto sita."

"Na hawa watano niwapeleke wapi?"

"Warudi kwa wazazi wao."

"Wazazi wao wangekuwa na pa kuwaweka, dada yangu, wasingewaleta hapa."

Mkaguzi alifungua faili. Aliandika. Jiko litoke nje. Dirisha moja liwekewe nondo zinazofunguka kwa ndani. Ndoo ya mchanga iwe karibu na mlango. Karatasi ya daktari iwepo. Watoto wabaki sita. Akampa siku kumi na nne, na akamweleza kwamba baada ya hapo atarudi, siku hiyo hataisema. Akikuta kila kitu kiko sawa, cheti kitatoka. Akikuta kasoro, mlango utafungwa, na maombi mapya hayatapokelewa mpaka ipite miezi mitatu.

"Kwa nini usiniambie siku?"

"Nikikuambia siku, nitakuta kile unachotaka nikikute."

Shangazi alipiga moyo konde, akaanza. Jiko likahamia kibandani. Fundi wa kuchomelea akazikata nondo na kuzitia bawaba. Mchanga ulipatikana, daktari akapiga muhuri wake. Likabaki lile ambalo fundi yeyote asingeweza kumsaidia.

Alikaa na hilo jambo siku tatu. Akiwa anawamwagia watoto maji anawaza nani atoke, akiwafunika wamelala anawaza nani atoke. Mwisho aliamua kwamba watabaki wale ambao mama zao hawana mtu kabisa. Mapacha walikuwa na bibi yao, wakaenda. Watoto wa mwenye duka walikuwa wawili, na mwenye duka aliweza kuweka dada wa kazi, wakaenda. Hao walikuwa wanne. Alibaki mmoja wa kutoa, na hapo ndipo maji yalipomfika shingoni.

Alimtoa Kidoti. Alikuwa msichana wa miaka mitatu, mwenye alama nyeusi shavuni iliyompa hilo jina, na mama yake aliosha vyombo hotelini.

"Una mtu wa kukaa naye?" Shangazi alimuuliza.

Yule mama alimtazama, kisha akatazama chini. "Nitapata, Shangazi."

"Kweli?"

"Nitapata tu."

Shangazi alikuwa na masikio ya kutosha kujua jibu hilo lina maana gani. Lakini alilipokea, kwa kuwa ndilo alilolihitaji.

Siku ya kumi na sita alikwenda kununua mkaa pale jirani, watoto sita wakimfuata nyuma. Muuza mkaa alikuwa mama mnene asiyeweza kukaa na neno tumboni. Aliwatazama watoto, akasema, "Yule wako mwingine namsikia kila siku. Chumba chake na changu vimepakana ukuta."

"Yupi?"

"Yule wa shavuni. Mama yake akiondoka anamfungia. Mwanzo alikuwa analia. Siku hizi anagonga tu."

Shangazi hakununua mkaa. Alirudi nyumbani akiwa kama amemwagiwa maji ya baridi, akachukua nyundo, akaivingirisha kwenye kanga. Kisha akasimama akiwatazama wale sita. Kuwaacha peke yao asingeweza. Kuwaachia mtu asiyeandikwa popote, sheria ilikataza. Basi akaifungua kamba ya kuanikia, mdogo kuliko wote akambeba mgongoni, na wale watano akawaambia kila mmoja ashike kamba na asiiachie mpaka atakapoambiwa. Wakatoka hivyo hadi mtaa wa nyuma, jua la saa sita likiwawakia utosini, watu wakiwapisha njia na wengine wakicheka. Mtoto mmoja aliuliza kama wanakwenda shule. Shangazi alisema ndiyo.

Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Chini ya mlango palikuwa na uwazi, na katika uwazi ule vilikuwa vimetokeza vidole vinne.

"Kidoti, ni Shangazi. Rudi nyuma, mwanangu. Nenda kitandani."

Vidole havikuondoka. Ilibidi apige magoti, avishike, avisukume ndani taratibu kimoja kimoja, huku akimwomba. Kisha akainuka na kuipiga ile kufuli. Mara ya tano komeo liling'oka na misumari yake.

Ndani palinuka mkojo na joto. Macho yake yalipozoea giza aliona jinsi mama yule alivyojitahidi. Kona za meza zilikuwa zimefungwa matambara. Jiko la mafuta lilikuwa limepandishwa juu ya kabati, na kiberiti hakikuonekana popote. Sakafuni palikuwa na bakuli la chakula, kikombe cha maji chenye mfuniko, na mwanasesere wa kitambaa aliyeshonwa kwa mkono. Mtoto alikuwa mzima. Kucha zake mbili zilikuwa zimechanika kwa kukwaruza mbao. Hakulia. Alishika sketi ya Shangazi, akaing'ang'ania.

Walirudi saba. Na kwenye kizingiti cha nyumba, faili magotini, alikuwa ameketi mkaguzi.

Mkaguzi alisimama, akaitazama ile kamba tangu mwanzo hadi mwisho. Alihesabu, akamwangalia na yule wa mgongoni.

"Nimekagua uani," alisema. "Jiko safi. Nondo safi, nimemwomba jirani azione nami kwa nje. Nilikuwa nakusubiri nikupe mkono." Alimwelekezea Kidoti kidole. "Huyu ni nani?"

Shangazi angeweza kusema ni mjukuu aliyekuja kutembea. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini Kidoti alikuwa bado ameshika sketi kwa vile vidole vyake, na neno halikutoka.

"Ni mmoja wa wale niliowatoa. Nimemkuta amefungiwa kwa kufuli. Amefungiwa kwa sababu nilimtoa, na nilimtoa kwa sababu yako."

"Kwa sababu ya sheria."

"Basi andika kwamba sheria imemfungia mtoto ndani."

Mkaguzi alikaa tena kizingitini, na aliposema sauti ilikuwa ya chini.

"Niliwahi kusimama mbele ya nyumba iliyoungua. Mlezi wake alikuwa mtu mwema, pengine kuliko mimi na wewe. Alikuwa na watoto kumi na watatu. Aliweza kutoka na wanne. Wazazi walituuliza nani alimruhusu, na faili lilikuwa na sahihi yangu. Nilihesabu kumi na watatu nikaandika wanane, maana nilimwonea huruma. Tangu siku ile naandika ninachokiona."

"Leo unaona nini?"

"Naona saba."

Akaandika. Kalamu ilimchukua muda mrefu kwa tarakimu moja.

"Mimi niandike utakavyo," Shangazi alisema. "Lakini mama wa huyu usimwandike. Watamnyang'anya mtoto."

Mkaguzi alimtazama Kidoti kwa muda. "Nimetumwa kukagua nyumba hii. Nyumba nyingine sijaiona." Alivaa viatu vyake, akageuka. "Sheria inahusu watoto wanaopelekwa kwa mlezi. Mtoto anayelelewa chumbani kwao sina faili lake."

Jioni mama zao walikuja mmoja mmoja. Shangazi aliwapa kila mmoja mfuko wa nguo za mwanawe, akawaeleza. Mmoja alilia. Mwingine alimkumbatia. Fundi cherehani, mama wa yule mtoto mdogo wa mgongoni, alisimama uani akiwa haamini.

"Kwa ajili ya mmoja umetutupa sita?"

Shangazi alimfunga mtoto vizuri mgongoni mwa mama yake.

Wa mwisho alikuja mbio, komeo lililong'oka likiwa mkononi, mtandio umemwanguka, uso hauna damu. Alidhani mtoto ameibwa. Alipomwona amelala mkekani alianguka pale pale na kumshika miguu, kisha akamgeukia Shangazi kama anayetaka kumpiga.

"Uliniambia nimtoe. Ulitaka nifanye nini? Nimebaki na yeye tu, na kazi ndiyo hiyo."

"Najua."

"Kila siku nikifunga ile kufuli narudi mara mbili kumsikiliza. Hotelini nikisikia mtu anasema moto umezidi jikoni, navunja sahani."

"Uliniambia utapata mtu, nikajifanya nimeamini," Shangazi alisema. "Kesho nitakuja mimi. Nitakaa naye kule kwako."

"Na kwako?"

"Kwangu wamefunga."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Shangazi alikuwa kwenye kile chumba, amekaa kitandani, Kidoti akimkalia mapajani. Saa mbili mlango uligongwa. Alikuwa fundi cherehani, mtoto mgongoni.

"Nimesikia uko hapa."

"Siwezi kumpokea, mwanangu. Wakinikuta na wawili, hata baada ya miezi mitatu hawatanipa cheti."

"Sikuja kumwacha. Nimekuja kukuuliza kama kuna mtu unamjua."

Shangazi aliwapitia wote kichwani, mtaa kwa mtaa. Mmoja haoni vizuri, mmoja ni mlevi, mmoja naye wakaguzi walikuwa wamemfungia nyumba mwezi uliopita.

"Simjui."

Fundi aliketi mlangoni, akamnyonyesha mtoto wake mpaka akashiba, bila haraka, ingawa kazini alikuwa ameshachelewa. Kisha akamfunga tena mgongoni. "Nitamlaza chini ya meza ya cherehani. Wakinifukuza, ndiyo nimefukuzwa."

Walimfukuza wiki ile ile.

Miezi mitatu ilipotimia Shangazi alipeleka maombi upya. Mkaguzi alikuja, akahesabu, akaandika, na cheti kikatoka, cha watoto sita. Asubuhi ya siku ya kufungua, Shangazi alitoka kufagia mlangoni, akakuta mama tisa wamesimama, kila mmoja na mtoto wake.