Wimbo wa Kumfikisha Bi Shufaa

Mimi wimbo mrefu siupendi, nalisema mapema tusije tukalaumiana. Wimbo ni kama chapati, ikishaiva epua, ukiiacha inaungua. Ndivyo ninavyopiga dramu tangu nilipoanza, na ndivyo bendi yetu ya Kutu ilivyopata jina kule Bagamoyo. Tunapiga roki, tena ile ya kelele. Tuko watatu tu: Sufiani anapiga gitaa na kuimba, Dadi anapiga besi, na mimi Mize niko nyuma na dramu zangu. Anayefunga wimbo ni mimi. Nikishapiga ile pa-pa-pa ya mwisho, basi, kila mtu anyamaze, hata kama Sufiani neno bado liko mdomoni.

Dadi ndiye mdogo wetu. Alilelewa na bibi yake nyuma ya soko, na bibi alipofariki hakubaki na mtu, si shangazi wala binamu. Tangu hapo futari anafuturu kwangu, Idi anashinda kwangu, na homa ikimpata uji naupika mimi. Ananiita Da Mize. Nikimfokea anacheka, na akicheka hasira zangu zote zinakwenda na maji. Nampenda yule kijana, sina haja ya kuficha.

Mwaka huu tukasema tutoke, tuzunguke pwani yetu yote, tuanzie Zinga tumalizie Pangani. Tukapakia vyombo kwenye kirikuu cha Sufiani, spika chini, dramu juu, na Dadi juu ya dramu. Msione watu wa bendi wamevaa miwani ya jua mkadhani wanaponda raha. Ziara ni mgongo kuuma. Ni kula mihogo asubuhi, mihogo mchana, na Sufiani anasukutua koo alfajiri akisema anatayarisha sauti, majirani wanadhani kuna mtu anachinjwa. Zinga mbuzi alitutafunia waya wa maiki. Msata tulipiga karibu na kituo cha mabasi, na madereva wa malori wakaupenda muziki wetu mpaka wakawa wanatupigia honi, sasa sijui nani alikuwa anampigia nani. Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikaniuma.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu, wa kila siku. Dadi ana wimbo wake aliomtungia marehemu bibi, unaitwa "Moshi wa Jikoni". Wimbo wa taratibu, unakwenda kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Kila tukiupiga, mimi naukata.

"Da Mize, uache uende kidogo," ananiambia.

"Uende wapi? Watu wamesinzia."

"Hawajasinzia, wanasikiliza."

"Basi wakasikilize redio."

Anacheka, tunapakia vyombo, tunaondoka.

Ilikuwa Makurunge, tunakunywa chai kwenye kibanda karibu na mashamba ya miwa, nikaona wanaume wawili hawa wanakanyagana miguu chini ya meza. Nikaweka kikombe chini. "Haya, tapikeni."

Sufiani akamtazama Dadi, Dadi akatazama maandazi. Kumbe mwenzenu Dadi mwezi uliopita alikwenda Pangani kuposa! Kamposa Batuli, muuguzi mmoja mpole tuliyejuana naye mwaka jana tulipopiga Saadani. Na aliyemsindikiza ni Sufiani peke yake. Mimi sikuambiwa.

"Mimi sikuambiwa!" Nilisema kwa sauti mpaka muuza chai akageuka.

"Niliona haya, Da Mize," Dadi akasema. "Nawe ungenifokea."

"Nakufokea sasa hivi!"

Sufiani akaeleza yaliyowapata huko. Walipokelewa na shangazi wa Batuli, Bi Shufaa, mama mtu mzima ambaye mjini Pangani hakuna posa inayopita bila yeye kutia neno. Akawauliza, mwanamke wa upande wa kijana yuko wapi? Mama? Shangazi? Dada? Dadi akajibu kwamba hana. Bi Shufaa akawatazama juu mpaka chini akasema, "Mwanamume mzima unakuja kuposa na mpiga gitaa?" Hakuwafukuza. Aliwaambia, "Nasikia mtakuja kupiga hapa. Tutakuja kukuona katika kazi yako. Tukikuridhia tutakutunza zawadi mbele za watu, na hilo ndilo jibu. Tusipoinuka, usirudi tena mlangoni kwetu."

"Na Batuli mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

"Ananitaka," Dadi akasema, masikio yamemwiva. "Lakini hawezi kutoka Pangani, mama yake mgonjwa. Itabidi mimi nihamie kule."

Hapo chai ikanishinda. Ahamie kule? Na besi je? Na Idi atashinda wapi? Nikasema Mungu akipenda itakuwa kheri, nikaenda kukagua kamba za mizigo, na zilikuwa hazina kasoro yoyote.

Tukapita Saadani, tukafika Bweni, tukavuka mto kwa pantoni, tukaingia Pangani. Njia nzima Dadi kakumbatia besi yake. Ukumbi wa kupigia ulikuwa wa zamani, dari juu, madirisha makubwa, na saa kumi na moja na nusu jioni ulikuwa umejaa. Vijana mbele wamesimama, kinamama nyuma wameketi, na katikati pameachwa uwanja mtupu. Msimamizi wa ukumbi, Mzee Kitwana, akatuita pembeni.

"Wanangu, pigeni mtakavyo. Lakini muadhini akishika maiki yake ya Magharibi, nyie muwe mmeshaachia yenu."

"Sawa, mzee."

Bi Shufaa nilimtambua bila kuonyeshwa. Alikaa mstari wa mbele wa kinamama, ushungi umenyooka, fimbo ya mkwaju mkononi kwa sababu ya magoti, na mapajani kaweka doti ya khanga mpya, haijakatwa. Kando yake Batuli, kainamisha kichwa.

Tukaanza. Wallahi siku ile tuliwaka! Wimbo wa kwanza, vijana wakaruka mpaka vumbi likatoka darini. Katikati ya wimbo wa pili nikaona Bi Shufaa anainuka. Nikasema moyoni, ehe, hajapenda, anaondoka, maana kwenye roki mtu mzima akiinuka ni kelele zimemshinda. Nikafunga wimbo, pa-pa-pa, naye akakaa. Wimbo wa tatu akainuka tena, akapiga hatua kidogo, nikafunga, akarudi kitini. Nikasema huyu mama ana nini, si aende zake tujue moja? Dadi jasho linamtoka, ananigeukia, ananionyesha jicho. Mimi nikadhani ananiambia tuongeze kasi. Nikaongeza.

Wimbo uliofuata Bi Shufaa alifika katikati ya uwanja. Mkono mmoja fimbo, mkono wa pili ameinua doti ya khanga juu kichwani, anatembea taratibu na bega linacheza. Na mimi, kwa akili zangu hizi, nikafika mahali pangu pa kufunga. Pa-pa-pa!

Kimya.

Mama wa watu kabaki kasimama peke yake mbele ya kaumu, mkono juu. Nyuma mtu akaguna, "Mnh! Wamemwacha njiani." Bi Shufaa akashusha mkono. Akageuka, akarudi kitini, na kwenye ukumbi ule ilisikika fimbo yake tu.

Toba yarabi! Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi mtoto wa Bagamoyo, mama yangu alikuwa hakosi taarabu, nimemshuhudia mara ngapi anakwenda kutunza? Mwanamke wa pwani hakimbilii jukwaani kama anayewahi basi. Anainuka, anatembea ndani ya muziki, watu wanamwona, anafika, anatoa alichotoa. Wenye taarabu wanajua, mtu akiwa njiani wimbo hauishi. Sisi na roki yetu tulikuwa tumemfungia mama huyu mlango usoni mara tatu mfululizo, na aliyekuwa anaufunga ni mimi.

Sufiani akanifuata nyuma, kakunja uso. "Wewe unafanya makusudi. Hutaki aoe."

"Koma!" nikamwambia. "Koma kabisa."

Lakini liliniingia. Makusudi sikufanya, Mungu shahidi. Ila furaha ya kumpeleka Dadi Pangani sikuwa nayo, na nani ajuaye, labda mkono nao husikia ya moyoni. Nikamtazama Dadi. Alikuwa kainamia besi yake, anajifanya anakaza nyuzi. Hakunilaumu hata kwa jicho. Angenilaumu ningepona.

Jua lilikuwa limeshashuka dirishani. Mzee Kitwana akanyoosha kidole kimoja, yaani bado wimbo mmoja. Na Bi Shufaa doti ameshaikunja, ameiweka chini ya kiti. Aliyeachwa njiani mbele za watu hainuki tena kwa kuombewa dua, ni mpaka aitwe.

Nikatoka nyuma ya dramu. Sijapata kushika maiki maishani mwangu, mimi kazi yangu kupiga. Nikamnyang'anya Sufiani.

"Bi Shufaa, shikamoo."

Ukumbi mzima ukageuka. Akanyanyua kidevu, akajibu. "Marahaba."

"Mimi ndiye mpiga dramu. Mimi ndiye niliyekukatia njia, na ni kwa ujinga, si kwa dharau. Nakuomba radhi mbele za watu kama nilivyokukosea mbele za watu. Na huyu kijana hana kosa. Sasa tunapiga wimbo wake, na hauishi mpaka wewe ufike."

"Tutaona," akasema.

Nikarudi kitini. "Dadi," nikamwambia, "Moshi wa Jikoni."

Akanitazama kama hakunisikia vizuri. Kisha besi ikaingia, taratibu, nami nikamfuata nyuma, polepole, mimi Mize! Sufiani akaimba beti zote. Bi Shufaa hajainuka. Sufiani akarudia beti. Hajainuka. Akaanza kutunga maneno yake, akataja ugali, akataja pantoni, akataja mbuzi wa Zinga, kinamama wakacheka mpaka wakajifunika midomo. Mkono wangu ulikuwa unawaka moto. Batuli akainama, akachukua ile doti chini ya kiti, akaiweka mapajani kwa shangazi yake.

Bi Shufaa akasimama. Akanyoosha ushungi wake, huku sisi tunapiga. Akashika fimbo. Akaanza kuja, bega la kulia, bega la kushoto, hana haraka na mtu. Akafika palepale katikati, alipoachwa. Akasimama! Akanikazia macho, akawa anachezea mahali pamoja, anangoja aone kama nitakata.

Sikukata. Ningepiga mpaka vijiti viwe njiti za kiberiti. Mle ndani ya wimbo nikasikia kwa mara ya kwanza alichokuwa akikitafuta Dadi siku zote, bibi yake anapuliza moto asubuhi, na mtoto kajilaza mkekani anamsikiliza. Machozi yakanitoka, na mikono yote ina kazi, siwezi kufuta.

Nje, spika ya msikiti ikakwaruza. Muadhini akakohoa. Mzee Kitwana akashika kichwa.

Bi Shufaa akatabasamu, akaja. Akafika kwa Dadi, akaikunjua ile doti nzima, akamtupia mabegani. Vigelegele! Sijasikia vigelegele vile hata kwenye harusi. Batuli kajifunika uso na ushungi, anatikisika mabega, na wenzake wanamfinya.

Nikataka kufunga, lakini mama hajasimama, bado anatembea. Anakuja kwangu. Basi na mimi naendelea kupiga, ahadi ni ahadi. Akazunguka spika, akafika kwenye dramu, akaweka kiganja juu ya toazi langu la shaba, likanyamaza.

"Basi, mwanangu," akasema. "Nimefika."

Nikaacha, na adhana ikaanza. Adhana ilipokwisha akamwita Dadi kwa kidole, akaivuta doti mabegani mwake, akaing'ata pindo katikati kwa jino, akaipasua vipande viwili. Kimoja akamrudishia Dadi. Kingine akanifunika mimi nacho, na jasho langu lote lile.

"Huyu aliniambia hana mwanamke wa upande wake," akasema. "Muongo. Anaye. Kesho baada ya chai uje nyumbani, tuzungumze wanawake kwa wanawake."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtoto wa chuoni. Mimi! Yeye akaenda zake kuswali na fimbo yake, na kinamama wote wakamfuata.

Ukumbi ukabaki sisi. Sufiani akaanza kukunja waya, huku anavuta kamasi akisingizia vumbi. Dadi akaja kukaa sakafuni kando ya dramu zangu, kama anavyokaa kwangu siku za futari, khanga yake begani, na mimi yangu kichwani, rangi moja. Nilikuwa nimemposea, na nilikuwa nimempoteza, na yote mawili nimeyafanya kwa vijiti vilevile.

"Da Mize," akasema. "Leo wimbo ulikuwa mrefu."

"Mfupi," nikamwambia. "Ulikuwa mfupi, mdogo wangu."